Ndoo ya kasiksi ikichoka, iachishe kazi

Kasiksi ikigeuka siki, mama mpishi hulaumu ndizi au unga wa mtama. Mara nyingi kosa liko kwenye ndoo.

Plastiki ni laini. Ukiisugua kwa mchanga au waya wa sufuria, inapata mikwaruzo midogo. Vijidudu vya siki vinajificha humo, sabuni isivifikie. Pombe inayofuata inaharibika, na pamoja nayo pesa za masomo ya watoto.

Basi, mama, osha ndoo mara tu pombe inapoisha, kabla makapi hayajakauka. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Kisha ijaze maji baridi yenye javeli kidogo, ngoja nusu saa, suuza mara tatu, uipindue ikauke pasipo vumbi. Usichanganye kamwe javeli na siki wala ndimu: mvuke wake unadhuru mapafu.

Ikikauka, nusa ndani, pitisha kidole. Ukikuta harufu iliyokwama, mikwaruzo au ufa, ndoo hiyo imemaliza kazi ya pombe. Usiitupe, iwekee makaa au maji ya bustani.

Ukinunua nyingine, chagua ya chakula. Bidoni iliyobeba rangi, mafuta ya gari au dawa ya shamba usiilete jikoni, hata ukiiosha mara kumi: plastiki hunywa sumu, kisha huirudisha ndani ya kinywaji.

Kabla ya kulalamikia bei ya ndoo, hesabu kasiksi uliyomwaga mwaka huu.