Istilahi za Udhibiti wa Ubuai wa Samaki Wahamao

Mfasiri anayekabidhiwa taarifa ya uvuvi kutoka ng'ambo hukutana na dhana tatu ambazo, zikitafsiriwa kwa haraka, humpotosha ofisa atakayeisoma. Tuzipime kwa mfano wa mto Columbia, magharibi mwa Marekani.

Kwanza ni samaki mwenyewe. Samoni huzaliwa katika maji baridi, kisha mwili wake hubadilika ili ustahimili chumvi, naye huteremka na mto kuelekea baharini. Wapo wamwitao kifaranga. Lakini wafugaji wetu hulitumia neno hilo kwa samaki wa kupandikizwa bwawani, asiye na safari yoyote. "Samoni mchanga ahamaye" ni istilahi ndefu, lakini haidanganyi; wala hatuoni haja ya kukopa "smolti".

Pili ni tendo la ndege. "Uwindaji" humpeleka msomaji kwenye bunduki na leseni. "Ulaji" nao umekwisha kutekwa na watu wa mitaani, ambao kwao ni cheo chenye marupurupu. Kwa kuwa neno mbuai tunalo, tunapendekeza ubuai.

Dhana ya tatu ndiyo nzito: udhibiti. Membe wakubwa wenye midomo myekundu walikuwa wakitaga katika kisiwa cha Rice, kiasi cha kilomita 34 kutoka baharini, na zaidi ya robo tatu ya chakula chao ilikuwa samoni wachanga. Kuanzia mwaka 1999 walivutwa, kwa sanamu za ndege na sauti zilizorekodiwa, hadi kisiwa cha East Sand karibu na mlango wa mto, ambako samaki wa baharini ni wengi. Sehemu ya samoni katika chakula chao ikashuka chini ya nusu.

Ndege aina ya mnandi walitendewa vingine. Kuanzia mwaka 2015 walipigwa risasi, na mayai yao yakapakwa mafuta. Kundi likatawanyika, wengi wakahamia daraja la Astoria, juu zaidi mtoni, na huko hula samoni wengi zaidi kuliko walivyokula kisiwani. Ndege kisiwani walipungua, lakini samaki hawakupata nafuu iliyokusudiwa.

Kwa hiyo "kupunguza ndege" si tafsiri ya dhana hii, na "kuangamiza" ni mbali zaidi. Tunapendekeza "udhibiti wa ubuai", yaani hatua zozote za kuongeza idadi ya samaki wachanga wafikao baharini, ndege wauawe au wasiuawe.