Mgonjwa Asiyeonekana Katika Hesabu

Hospitali na mifuko ya bima inapounganisha taarifa za wagonjwa, yaani vipimo, dawa, siku za kulazwa na malipo, kompyuta inaweza kumtambua aliye katika hatari kubwa kabla hali yake haijawa mbaya. Huyo hupewa muuguzi wa kumfuatilia na nafasi ya kumwona daktari mapema. Ni jambo jema, nasi tunalipokea kwa shukrani. Hata hivyo tunapaswa kuuliza: kompyuta imeagizwa kutafuta nini?

Nchini Marekani, mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika kuwachagua wagonjwa wa namna hiyo. Waligundua kwamba, kwa alama ileile ya hatari, wagonjwa weusi walikuwa na magonjwa sugu mengi kuliko weupe. Programu haikuwa imepewa rangi ya mtu. Kasoro ilikuwa katika kipimo: ilikadiria gharama za matibabu, na gharama hizo zikachukuliwa kuwa ndizo ugonjwa wenyewe.

Mwenye bima nzuri na usafiri humwona daktari mara nyingi, na kila hatua yake huandikwa. Asiye na nauli, anayepoteza ujira wa siku akienda kliniki, au aliyewahi kudharauliwa huko, hubaki nyumbani na maradhi yake. Katika hesabu huonekana mzima, kwa kuwa hakutumiwa fedha. Hivyo aliyekosa huduma jana huikosa na kesho, safari hii kwa idhini ya takwimu. Watafiti walikadiria kwamba, kama upendeleo huo ungeondolewa, sehemu ya wagonjwa weusi kati ya waliochaguliwa moja kwa moja kupata msaada wa ziada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Kipimo kilichozingatia afya pamoja na gharama kilipunguza sana upendeleo huo.

Mama Kanisa anatufundisha kwamba utu wa mwanadamu haupimwi kwa fedha. Msamaria Mwema aliyaangalia majeraha kwanza. Gharama alizilipa baadaye. Kwa hiyo, mfumo wowote wa kuchambua taarifa za afya unapoletwa katika hospitali na zahanati zetu, tuulize mambo matatu: unapima ugonjwa au matumizi? Ni nani hayumo katika kumbukumbu zake? Siri ya mgonjwa inalindwaje?

Swali la pili linatuhusu sote. Katika jumuiya zetu ndogondogo tunamfahamu mama ambaye hajafika zahanati kwa miaka, na mzee anayegawa vidonge vyake nusu ili vidumu. Hakuna kompyuta inayowajua. Tuwatembelee, na kwa ridhaa yao tuwasindikize hadi kwa mganga, ili majina yao nayo yaandikwe.