UFAFANUZI: NJIA ZA KUKADIRIA TOFAUTI ZA UVUTANO WA ARDHI ANGANI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaelezwa kwamba urefu unaotolewa na setilaiti si urefu juu ya usawa wa bahari. Nchini Tanzania tofauti ya viwili hivyo huweza kupita mita 10, na mhandisi anayelaza bomba la maji hawezi kuipuuza. Ili kuijua ni lazima uvutano wa ardhi upimwe. Na kwa kuwa sehemu nyingi hazifikiki kwa urahisi, mwaka 2012 na 2013 upimaji huo ulifanywa kwa ndege.

Mfano umechukuliwa Misima, Wilaya ya Handeni, Tanzania Bara, kusini ya milima ya Usambara iliyo ng'ambo ya Korogwe. Kipimo cha ndegeni hakilingani moja kwa moja na cha ardhini. Uvutano hupungua miligali 0.3086 kwa kila mita ya kupanda. Hesabu hiyo ni nyepesi. Lakini tofauti zinazoletwa na milima na miamba nazo hufifia, nyembamba kuliko pana. Katika kimo cha kilomita 3, tofauti inayojirudia kila kilomita 100 hubaki asilimia 83. Inayojirudia kila kilomita 10 hubaki asilimia 15 tu.

Njia ya Poisson, mwanahisabati wa Ufaransa, hujumlisha vipimo vyote vya ardhini, kila kimoja kwa uzito unaopungua kwa umbali. Ni ya kuaminika, mradi vipimo vizunguke mahali pote. Njia ya Fourier huvigawa katika mawimbi na ndiyo ya haraka kupita zote, ila hudai vipimo vilivyopangwa kwa miraba sawasawa, na huharibika kwenye kingo. Njia ya tatu, ya makadirio ya kitakwimu, hupokea vipimo vilivyotawanyika na hutaja kiasi cha kosa lake. Gharama yake ni kwamba vituo 2,000 huzaa milinganyo 2,000. Kwa Misima, ambako vipimo vya ardhini ni rahisi kufuata barabara, hii ya tatu ndiyo inayofaa.

Hatari kubwa ni wakati wa kuteremsha kipimo. Kosa la miligali 2 lililopatikana angani, katika mawimbi yale ya kilomita 10, hufika ardhini likiwa miligali 13. Kwa hiyo maofisa wanaopokea takwimu za urefu wanatakiwa kuuliza njia iliyotumika, kimo cha ndege na kiasi cha kosa kabla ya kuidhinisha mchoro wa bomba.