Fahamu: Kwa nini aliyefanyiwa upasuaji huhimizwa kuamka mapema?

Mama kajifungua kwa upasuaji jana, leo muuguzi anamwambia ashuke kitandani. Ndugu wanashtuka: nyuzi hazitakatika?

Zamani mgonjwa alilazwa siku nyingi bila kuinuka. Mwaka 1899, daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kuhusu kuwaruhusu wanawake aliowapasua tumbo waamke mapema. Leo ni jambo la kawaida. Kulala muda mrefu huchangia damu kuganda katika mishipa ya miguu, na donge likifika mapafuni linaweza kuua. Kutembea pia husaidia mapafu kupanuka vizuri.

Nini huwakwamisha wengi? Kwanza ni maumivu: dawa ikichelewa, mgonjwa hathubutu hata kugeuka. Kuna kizunguzungu, upungufu wa damu, na ganzi ya mgongoni ambayo haijaisha miguuni. Dripu na mpira wa mkojo navyo humfunga kitandani. Wodi ikiwa na wauguzi wachache, hakuna wa kumshika mkono.

Utaratibu ni huu: pata dawa ya maumivu kwanza, lala ubavu, kaa ukingoni mwa kitanda huku umeshusha miguu, kisha simama ukishikiliwa, mshono ukiwa umeukinga kwa mto. Ukihisi kizunguzungu, kaa tena.

Si upasuaji wote unaofanana. Subiri ruhusa ya daktari wako. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, mwite muuguzi mara moja.