Kubuni Molekuli za Kupambana na Kifua Kikuu: Mfano wa Bedakwilini

Kifua kikuu huletwa na bakteria ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882. Bakteria huyo ana ukuta mnene wenye nta, naye hugawanyika mara moja tu katika saa 20 hivi. Kwa hiyo dawa nyingi hazimpenyi, na matibabu huchukua miezi. Isoniazidi na rifampisini ndizo nguzo za tiba hiyo. Lakini wametokea bakteria walio sugu kwazo, hata katika Kongo, ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu miongoni mwa nchi zinazolemewa zaidi na ugonjwa huu.

Molekuli mpya hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua kimeng'enya kimoja cha bakteria na kubuni kitu cha kukiziba. Ya pili ni kujaribu molekuli nyingi juu ya bakteria mzima, na kuuliza baadaye zimemuuaje. Bedakwilini ilipatikana kwa njia ya pili. Koen Andries na wenzake, huko Beerse, Ubelgiji, walimtumia Mycobacterium smegmatis, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu anayekua haraka zaidi. Mwaka 2005 walitangaza matokeo. Siri ilifichuliwa na bakteria sugu wenyewe: mabadiliko ya jeni zao yalielekeza kwenye kimeng'enya kinachotengeneza ATP, yaani nishati ya seli. Hata bakteria aliyelala huhitaji nishati kidogo. Ndiyo maana dawa hii humfikia.

Hata hivyo, kuua bakteria si mwisho wa kazi. Bedakwilini hupenda mafuta mno: hukaa mwilini kwa miezi, na yaweza kuvuruga umeme wa moyo. Hapo ndipo marekebisho huanza. Wakemia hubadili kipande kimoja cha molekuli, ipunguze kupenda mafuta, kisha hupima upya: je, bado inaua? Je, moyo umesalimika? TBAJ-876 ilizaliwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 2022 Shirika hilo lilipendekeza kwa wagonjwa wengi wenye kifua kikuu sugu tiba ya miezi 6 yenye bedakwilini, badala ya ile ya miezi 18 au zaidi. Lakini usugu dhidi ya bedakwilini nao umekwisha kuonekana. Basi kila dawa mpya hununua muda tu. Na muda huo hupotea pale ambapo mgonjwa hakupimwa vema au dawa zake zimekatika.