Kiti cha kocha kinafuata mfuko

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja ikiruhusiwa kusajili wachezaji 30. Zikijaza nafasi zote, hao ni wachezaji 480, na makocha wakuu 16 tu. Kwa hiyo kwa kila kiti cha ukocha kuna wachezaji 30 uwanjani, kabla hujawahesabu makocha wa kigeni na wale wa hapa nyumbani waliofukuzwa msimu uliopita na sasa wanasubiri simu.

Mecky Maxime ni mmoja wa waliopenya. Alikuwa beki wa kulia na nahodha, wa Mtibwa Sugar na wa Taifa Stars. Alipotundika daluga akakabidhiwa timu ileile ya Manungu, Turiani. Mwaka 2016 akaenda Kagera Sugar na msimu wake wa kwanza ukaisha timu ikiwa ya tatu. Mwaka 2023 akatua Ihefu ya Mbarali, 2024 Dodoma Jiji. Sasa tazama nani analipa: miwa, miwa tena, mpunga, kisha halmashauri.

Mtu wa hapa Ifakara akisoma orodha hiyo atacheka kidogo, maana vyote vitatu anavyo. Miwa iko Kidatu, mpunga umejaa bonde zima la Kilombero mpaka Mlimba, na halmashauri ya mji ipo. Timu ya Ligi Kuu ndiyo haipo.

Kisingizio cha kwanza huwa umbali. Bukoba hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,400, kwenda na kurudi 2,800, na Kagera Sugar imeishi na safari hiyo miaka mingi. Ifakara hadi Dar ni kama kilomita 420, yaani chini ya theluthi ya hizo 1,400. Daraja la mto Kilombero, mita 384, lilifunguliwa 2018, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la lami ya Kidatu–Ifakara, kilomita 66.9. Barabara haiwezi kubeba lawama zote.

Kisingizio cha pili ni fedha, na hapa kuna ukweli. Mkataba wa Azam Media wa haki za matangazo, uliosainiwa 2021, ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10: wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Ukizigawa sawasawa kwa timu 16 (hazigawiwi hivyo) kila moja ingepata bilioni 1.41. Lakini upanuzi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero, wa kuongeza uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka, ulikadiriwa mwanzoni kugharimu bilioni 571. Kiwanda kimoja cha bondeni, zaidi ya mara mbili na nusu ya mkataba wa miaka 10 wa ligi nzima! Sisemi kiwanda kina deni la kutulipia mpira. Nasema fedha za ukubwa huo zinapita hapa.

  

Kilichobaki ni karatasi za ukocha. Leseni za CAF zinapanda ngazi: D, C, B, A, kisha Pro. Simba ilipobaki bila kocha mkuu Septemba 2022 ilimwita Juma Mgunda kutoka Coastal Union, kwani Selemani Matola, nahodha wake wa zamani aliyekuwa tayari benchini, hakuwa na leseni iliyotakiwa kwa mashindano ya Afrika. Jina kubwa halikumsaidia.

Kwa hiyo wale wanaochangisha jezi na mpira kwa ajili ya ndondo za baada ya mavuno, waweke kando sehemu ya mchango: wawapeleke vijana wawili kila mwaka kwenye kozi ya leseni D. Jezi huchanika msimu mmoja.