Sauti ya Mekatilili na Suala la Sanad

Kwetu pwani neno halipokewi hivi hivi. Tangu chuoni, maalim wetu walitufunza kuuliza: nani kasema, nani kamsikia, na aliyesikia kampokeza nani? Hiyo ndiyo sanad, na hadithi iliyokosa sanad, hata matini yake ikipendeza vipi, wanavyuoni huiweka kando. Kanuni hiyo yatupasa kuikumbuka leo, kwani imezuka fani ya kuzifufua hotuba za kale kwa kompyuta.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, huko Marekani. Profesa John Wall na wenzake waliujenga upya, ndani ya kompyuta, uwanja wa mahubiri wa Paul's Cross, uliokuwa ubavuni mwa kanisa kuu la St Paul's mjini London, lile lililoteketea mwaka 1666. Walichukua mahubiri ya mshairi na padri John Donne ya tarehe 5 Novemba 1622, ambayo maandishi yake yamesalia. Mwigizaji Ben Crystal akayasoma kwa matamshi ya Kiingereza cha zama zile. Kisha sauti yake ikatiwa mwangwi wa kuta za mawe, kengele, ndege na minong'ono ya watu. Msikilizaji huchagua pa kusimama, karibu na mimbari au nyuma kabisa, penye watu wachache au maelfu. Hivyo twaweza kupima sauti ya mtu mmoja, bila kipaza sauti, ilifika wapi.

Lakini siku ile hali ya hewa iliharibika, na Donne akahubiri ndani ya kanisa. Basi tunayoyasikia ni mahubiri ya uwanjani ambayo uwanjani hayakutolewa! Wenye kazi hawakulificha jambo hilo, na hapo ndipo wanapostahili sifa.

Niliyatafakari haya nilipokuwa Nyacheki, katika Kaunti ya Kisii. Mpwani akifika Kisii hana budi kumkumbuka Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 alisimama mbele ya Wagiriama, akawahimiza wasitoe kodi wala vijana wao kwa kazi za Waingereza. Katika Kaya Fungo viapo vikalishwa, cha wanawake mukushekushe na cha wanaume fisi. Oktoba mwaka ule alikamatwa, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwao kwa miguu. Mwaka huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Ndugu msomaji, Donne aliacha karatasi. Mekatilili hakuacha karatasi wala ukanda. Husimuliwa kwamba alimtaka ofisa Arthur Champion anyakue kifaranga mbele ya mamake, na kuku akamdonoa. Kisa kizuri, lakini maneno yenyewe yalikuwa yapi? Tulichonacho ni taarifa za watawala waliomfunga, na vinywa vya mabibi zetu. Kompyuta yaweza kutuonyesha uwanda wa kaya, miti yake, na sauti ya mwanamke ilivyofika kwa wa nyuma. Hilo ni jema, wazee wa kaya wakiridhia. Lakini programu za leo zaweza pia kuchukua sauti ya bibi yeyote wa Kigiriama na kuisemesha lolote.

Pale Nyacheki mwenyeji wangu alinikutanisha na mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Nikamwuliza habari za Moraa, mwanamke wa Abagusii aliyewachochea vijana kupigana, hata Otenyo akamchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote mwaka 1908. Akasimulia vizuri.

"Mwalimu, haya uliyapokea kwa nani?"

"Kwa nyanya yangu."

"Naye je?"

"Kwa mamake. Zaidi ya hapo, ndugu yangu, sijui. Tena nyanya alitupa maana tu. Maneno yenyewe ya Moraa hakudai kuyajua."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko kisa chenyewe. Mzee hakusoma ilimu ya hadithi, lakini alipambanua kama muhadithi: kusimulia kwa lafudhi ni kitu kimoja, kusimulia kwa maana ni kingine.

Basi rai yangu ni hii. Kabla ya kuitafutia mitambo sauti ya Mekatilili au ya Moraa, tuwanase wazee kwa vinasa sauti wangali hai, kila mmoja na jina lake, na la aliyempokeza. Na hotuba itakayofufuliwa ianze kwa kutamka wazi: hili limeandikwa, hili limesimuliwa kwa maana, hili tumelikisia. Tusipofanya hivyo, mtoto ataisikia sauti tamu ya mtambo, hatakwenda tena kumwuliza bibi yake, na sauti ya kubuni ndiyo itakayokuwa sanad ya wajukuu zetu.